Masikio ya Mama Mdogo

Kazini walimwita Kebo, na jina lilimkaa sawasawa. Ukiona miguu miwili imechomoza chini ya meza na mtu anagombana na waya, ni yeye. Alikuwa fundi wa mitambo katika kitengo kinachohifadhi sauti za kesi za mahakamani, na kama mafundi wengi alikuwa na ugonjwa mmoja: akishasema mtambo ni mzima, basi ni mzima, na mwenye shida ni wewe.

Ndani ya kitengo hicho wapiga chapa walikaa safu mbili, hedifoni masikioni, mguu juu ya pedali ya kusimamisha sauti na kuirudisha nyuma, wakiandika neno kwa neno alichosema shahidi, hata pale alipokohoa. Sauti zenyewe hazikukaa kwenye kompyuta zao. Zilikaa katika chumba cha baridi mwisho wa korido, kwenye mashine sita zilizopangwa kabatini na kufanya kazi kwa pamoja. Kila rekodi ilikatwakatwa vipande, vipande vikagawiwa mashine hizo, na kila kipande kikawekewa nakala kwenye mashine nyingine, ili moja ikifa nyingine ishike zamu. Mpiga chapa hakuwa na haja ya kuyajua hayo. Yeye alibonyeza, sauti ikaja.

Mmoja wa wapiga chapa hao alikuwa mama mdogo wake Kebo, aliyemlea tangu mama mtu alipofariki, na kazini hapakuwa na mtu aliyelijua hilo. Mwenyewe ndiye aliyetaka iwe siri. Siku Kebo alipoanza kazi alimvutia pembeni, karibu na mtungi wa maji ya kunywa, akamwambia, "Hapa mimi ni mama tu kama mama wengine. Usije ukaropoka ukaniita mama mdogo. Watasema nimekuingiza kwa mlango wa nyuma."

Kebo alilishika neno hilo kupita kiasi. Wengine akiwapitia mezani mara moja, kwake alipita mara nusu. Mtu akimsifia yule mama, yeye alijitia hamnazo.

Sasa, Mama Mdogo ndiye aliyepewa kesi za zamani, zile zilizokatiwa rufaa zikahitaji kuandikwa upya. Alizijua sauti za mahakimu waliokwisha kustaafu, na yupi kati yao alikuwa na tabia ya kumeza mwisho wa sentensi. Aliandika amefumba macho. Kisha kazi yake ikaanza kushuka. Wenzake wanamaliza kesi nzima, yeye bado anahangaika na ushahidi wa mtu wa kwanza.

"Kebo, sauti inanikatikia," alimwambia. "Nasikia neno, halafu kimya, halafu neno."

Kebo alienda kupima. Na hapa ndipo alipoboronga, tena boronga ya kifundi, ambayo mtu asiye na utaalamu asingeiweza. Alikuwa na rekodi yake moja ya kupimia, kesi fupi ya majirani wawili wanaogombania ukuta, na alipima kwa hiyo hiyo kila siku. Aliifungua kwenye kompyuta yake, ikatiririka. Akaifungua tena mbele ya mkuu wa kitengo, ikatiririka zaidi. Alichosahau ni kwamba rekodi inayofunguliwa kila mara hubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta iliyoifungua, na ukiitaka tena unapewa hiyo iliyo mkononi, bila mtu kwenda chumba cha baridi kuichukua. Ni sawa na kupima umbali wa kisima kwa kunywa maji yaliyo mezani.

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu wa sauti ya chini sana. Ukiongea naye unainamisha shingo, na wapo waliokubali mambo wasiyoyasikia ili mradi mazungumzo yaishe. Aliuliza, kwa sauti yake hiyo, kama mtambo una tatizo.

"Mtambo hauna tatizo, bosi," Kebo alisema. "Mbona wenzake hawalalamiki?"

Angeishia hapo, lingekuwa kosa la kazi tu. Lakini wapiga chapa walikuwa wamegeuka wanamtazama, na Kebo akashikwa na woga wa kuonekana anamtetea mtu. Akaongeza, akicheka, "Labda mama angepima masikio."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mama Mdogo naye alicheka. Alivua hedifoni, akazitazama, akazivaa tena.

Tangu hapo hakulalamika tena. Alianza kumwomba mtu arudie alichosema hata kama alikisikia, kwa kuhofia hakusikia vizuri. Alienda zahanati, akarudi na dawa ya matone. Mkuu alimwita ofisini, na alipotoka akasema ameambiwa achukue likizo aliyokuwa anaidai, na likizo ikiisha astaafu mapema kwa sababu za afya. Alisema kwa uchangamfu, kama mtu aliyepewa zawadi. Akakunja sweta lake la kazini, lile la kujikinga na kiyoyozi, akaondoka nalo. Kebo alikuwa chini ya meza ya mtu, na alibaki huko mpaka mlango ulipofungwa.

Kesi za zamani zikahamishiwa kwa binti mmoja waliyemwita Chapchap, vidole vyake ndivyo vilivyompa jina. Hata robo ya kesi ya kwanza hakufika.

"Wee Kebo! Hiki kidude chako kimelala!"

"Kimelalaje?"

"Kinasema neno, kinanyamaza, kinasema neno. Njoo usikie mwenyewe, usije ukaniambia na mimi masikio."

Watu walicheka tena. Kebo hakucheka. Alivaa zile hedifoni na kusikia hakimu wa zamani akisema "Mahakama hii", kisha kimya, kisha "imeridhika", kisha kimya kirefu, huku tarakimu za saa kwenye skrini zikiwa zimeganda. Mtu anayeandika amefumba macho asingeziona.

Alibadilisha waya; hola. Akamhamishia Chapchap kwenye kompyuta ya jirani, hola. Ndipo akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: akatafuta rekodi ambayo haijaguswa na mtu miaka na miaka, akaifungua hiyo. Ilikuja kwa kujikongoja. Akafungua mpya ya wiki iliyopita; ikaja mbio. Ya zamani tena, ikakwama.

Alienda chumba cha baridi akaziuliza mashine moja moja. Tano zilijibu papo hapo. Ile ya tatu, mojawapo ya zile kongwe zilizokuwepo kabla ya nyingine kununuliwa, ilijibu kwa kusuasua, na taa ya diski yake ilikuwa imewaka moja kwa moja badala ya kupepesa. Diski ilikuwa mgonjwa. Ingekufa kabisa, mtambo ungekimbilia nakala ya pili na pasingekuwa na shida. Lakini haikufa. Kila ikiulizwa kama ipo, ilijibu ipo, na kila kipande ilichoombwa ilikitafuta mara chungu nzima kabla ya kukitoa. Kesi mpya zilikuwa kwenye mashine mpya. Za zamani zilikuwa hapo, na aliyezifungua siku zote alikuwa mtu mmoja tu.

Kebo alisimama kwenye baridi ile akiona aibu hata mbele ya mashine. Kisha akaizima ya tatu. Kule ofisini sauti zikaanza kuja kutoka kwenye nakala, na Chapchap akapiga ukelele wa furaha.

"Umeua, Kebo! Sasa inatembea!"

Mkuu wa kitengo alikuja mwenyewe. Kebo aliinamisha shingo.

"Ilikuwa nini?"

"Diski imechoka, bosi."

"Ilianza lini?"

Hilo ndilo swali. Jibu lilikuwa ndani ya mtambo wenyewe, kumbukumbu za makosa zinarudi nyuma mpaka ile wiki Mama Mdogo alipolalamika, na hakuna mwingine pale aliyejua kuzisoma.

"Hivi vitu vinachoka ghafla tu, bosi," alisema.

Mkuu akampigapiga begani. Kebo aliketi mezani kwake akajichukia, na waliompitia na kumpa hongera walizidi kumchoma.

Jioni alikwenda nyumbani kwa Mama Mdogo, nyumba ile ile aliyokulia. Alimkuta sebuleni, kiti amekisogeza ukutani, redio ameiweka mwisho kabisa wa chumba na sauti ameipunguza.

"Najipima," alisema. "Leo nimesikia habari zote. Labda matone yanafanya kazi. Kaa, mwanangu, mbona umesimama kama mdai?"

Kebo alikaa. Alimweleza yote: diski, kipimo chake cha kijinga, Chapchap, kile kimya ambacho hakikuwa masikioni kwake hata siku moja. Alilia, mtu mzima na ndevu zake.

Mama Mdogo alishika sikio bila mwenyewe kujua.

"Kumbe nilikuwa nasikia," alisema.

"Ulikuwa unasikia, mama mdogo. Nisamehe."

"Nilikaa na madaktari nikawaambia nasikia nusu nusu. Wakanipima, wakaona sawa, nikawabishia mpaka wakanipa matone. Mimi nikawabishia!" Alicheka kidogo. "Nimekusamehe. Sasa mkuu wako amesemaje?"

Kebo alitazama vidole vya miguu yake.

"Hujamwambia."

"Nilitaka uanze kujua wewe."

"Ulitaka uanze kwa anayesamehe," Mama Mdogo alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, ndiyo maana ilimkata. "Pale ofisini ulinisema mbele ya watu. Hapa unaniomba radhi mimi na wewe na redio. Mwanangu, nimekulea. Ukivunja sahani ulikuwa unakuja kuniambia mimi, ili mimi nikamwambie baba yako."

Alinyanyuka, akazima redio, akakusanya vikombe na kuelekea jikoni. Kebo alitoa simu. Mara mbili alibonyeza jina la mkuu na kukata kabla haijaita. Mara ya tatu akapiga moyo konde, akaiacha iite.

Aliongea kwa kirefu na bila mpangilio. Alisema diski ilianza kuugua lini na kwamba kumbukumbu zinaonyesha. Alisema alipima vibaya, na kwamba maneno ya masikio aliyatunga yeye kwa kuogopa watu. Alisema yule mama ni mama yake mdogo. Alipomaliza, mkuu akasema kitu kwa ile sauti yake ya chini. Moyo wa Kebo ulikuwa unadunda kiasi kwamba hakuambulia hata neno.

"Samahani bosi, sijakusikia."

Mama Mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi, chumba kizima kikiwa kati yao.

"Amesema kesho asubuhi uyaseme hayo hayo mbele ya wapiga chapa wote," alisema. "Na mimi nije. Mjibu basi, anakusubiri."