Kanga Juu ya Ovaroli

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa na sioni haya kulisema. Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walishamaliza. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje msichana wa mlimani Meru akasomea uhandisi, namjibu kwamba niliogopa kila hatua ya njia, na siku moja niliogopa kuliko siku zote.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Arusha yalipoanza kujaa bidhaa za nje huku viwanda vyetu vikifungwa kimoja baada ya kingine. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Tukaitwa wasichana wachache tuliosoma fizikia na hisabati, kila mmoja na shule yake, tuje kuandaliwa kwa uhandisi kwenye karakana moja upande wa Sokon I. Mimi nilikuwa nalala kwa shangazi, Kijenge.

Asubuhi tulifanya hesabu na michoro, na huko sikuwa na shida. Mchana tuliingia kwenye mashine, na hapo ndipo woga uliponipata. Niliyoiogopa zaidi ni ya kukerezea chuma. Inazungusha kipande cha chuma kwa kasi huku kisu kikikimenya, mpaka kipate umbo unalolitaka. Kwetu mlimani kitu chenye nguvu kuliko vyote kilikuwa fahali wa jirani, na hata huyo ukimpigia kelele alisimama.

Mwalimu wetu alikuwa mhandisi mwanamke, mwenye sauti kavu. Alituambia mapema kwamba asiyemaliza kipande chake kwa mikono yake mwenyewe, hatampendekeza kwenda uhandisi. Baba alikuwa amekubali nije kwa shingo upande. Viwanda vinafungwa, alisema, huo uhandisi utaufanyia wapi? Nikirudi bila pendekezo la mwalimu, ningekwenda chuo cha ualimu na mjadala ungeishia hapo. Nilikuwa na nafasi hiyo moja tu.

Halafu kulikuwa na suala la ovaroli. Kwetu, mwanamke kuvaa suruali lilikuwa jambo la kujadiliwa na wazee wa kanisa, na baba alikuwa mmoja wao. Kila siku nilitoka kwa shangazi na gauni, nikabadilisha karakana, huku nikimwomba Mungu asipite mtu wa kwetu.

Siku ya kumaliza kipande changu, chuma kikizunguka na mimi nikihesabu pumzi, nilimwona baba mlangoni. Alikuwa na koti lake la ibada na kidumu cha maziwa ya kumpelekea shangazi. Hakuwa ametuma salamu kwamba atateremka mjini. Sikufikiri. Nilichomoa kanga kwenye mfuko wangu, nikaifunga kiunoni juu ya ovaroli, nikaenda kumwamkia. Aliitikia marahaba, akaniambia niendelee, atasubiri. Nami, kwa kutaka aone kwamba nafundishika, nikarudi mbio kwenye mashine na kanga yangu kiunoni.

Kwa mbele, chini kidogo ya kisu, mashine ile ina fimbo ndefu ya chuma inayozunguka polepole. Pindo la kanga likanasa hapo. Mwanzoni nilihisi kama mtoto ananivuta nguo, hata nikageuka kutazama. Kisha ikakaza. Ilinivuta taratibu, bila hasira, mpaka nyonga zangu zikabana kwenye chuma, na uso wangu ukaanza kuinamia kile kilichokuwa kinazunguka. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Niliwaza kwamba nakufa, na kwamba nakufa baba akinitazama.

Mwalimu alikuja sijui kutoka wapi akapiga kitufe chekundu. Kila kitu kikasimama. Waliikata kanga kwa mkasi kunitoa, nikabaki na ovaroli yangu mbele ya baba. Hakutazama suruali. Alinitazama usoni, na midomo yake ilikuwa mikavu kabisa.

Akamwomba mwalimu ruhusa anichukue twende nyumbani.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilitaka anichukue, nipande naye mlimani siku hiyo hiyo, niwe mwalimu wa shule ya msingi mpaka nizeeke. Mwalimu hakumkatalia. Alimwambia kwa heshima kwamba mtoto ni wake. Ila kama nina nia ya kumaliza, nimalize sasa hivi, maana woga ukilala nao unaamka umekua. Amewaona wengi walioondoka hivyo, alisema, na hakuna aliyerudi.

Baba alinigeukia. Akaniuliza kwa Kimeru kama nimeumia. Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Akakiweka kidumu chini.

"Mwalimu," alisema, "hicho ulichokipiga ikazima, ni kipi?"

Mwalimu akamwonyesha. Baba akasogea, akasimama pembeni ya mashine na koti lake la ibada, akaweka kidole juu ya kile kitufe bila kukibonyeza. Mimi nilikuwa natetemeka, lakini ule mkono wake ulitetemeka kuliko mimi, mpaka akaushika kwa mkono wa pili.

"Washa, mama," aliniambia. "Mimi siondoki hapa."