Laptop Isiyopata Moto

Wiki tatu baada ya kumzika baba, mimi na mama tulitoka kijijini kwetu Matembwe kwenda kununua laptop. Baba aliuza misonobari yake kabla hajaugua, akasema pesa hiyo ni ya chuo na isiguswe. Nilikuwa nimechaguliwa kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Watu walinipa pole na hongera kwa pumzi moja, nami nikawajibu wote "asante". Sikuwa na huzuni. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, unaufinya na hausikii kitu.

Njombe mjini hatukupata ya uwezo wetu, tukashuka Makambako. Upepo wa pale ulimvua mama kilemba mara mbili na hakulalamika. Kwa anayemjua mama yangu, hilo lilikuwa jambo la kutia hofu.

Mfukoni nilikuwa na karatasi ya mwalimu wangu wa hesabu. Aliniandikia nisidanganyike na wembamba wala mng'aro, niangalie prosesa, maana ndiyo inayofikiri. Programu za kuchorea majengo ni nzito, na prosesa dhaifu haiziwezi. Aina moja aliipigia mstari. Nilikuwa nimeshaikariri.

Muuzaji alikuwa Mkinga wa makamo, mwenye adabu na maneno mengi. "Kamwene, mama, karibuni," akatusalimu kwa kilugha. Akaweka laptop mbili mezani, bei moja. Ya kwanza ilikuwa nene, ya mtumba, imechubuka pembeni, na prosesa yake ndiyo ile iliyopigiwa mstari. Ya pili ilikuwa mpya, nyembamba, na prosesa ya kampuni nyingine.

"Hii nene ina nguvu, ila inakula chaji na feni yake ina kelele," akasema. "Hii nyembamba haina hata feni, imetulia. Lakini ni ya kusomea na kuandikia. Ukiipa kazi nzito inachoka."

Akaziwasha zote. Mama hakuangalia vioo. Aliingiza kiganja chini ya ile nene, akakiacha hapo. Kwetu akina mama hupima viazi kwa mkono: unautumbukiza kwenye rundo, ukikuta joto ujue ndani kumeanza kuoza, na rundo hilo hulinunui hata ukibembelezwa vipi.

"Hii ina moto," akasema. "Imewashwa sasa hivi tu, tayari ina moto. Si nzima hii."

"Mama, huo ni moto wa kazi."

"Moto ni moto."

Muuzaji akanigeukia. "Mwanafunzi ni wewe. Unataka ipi?"

Mama naye akanitazama. Ni mbishi, lakini kwa mambo ya shule alinisikiliza kuliko alivyomsikiliza mchungaji. Sentensi moja ingetosha, na nilikuwa nayo mdomoni.

"Yoyote," nikasema.

Tukanunua nyembamba.

Chuoni, wenzangu walikuwa wameshasimamisha kuta za nyumba nzima wakati programu yangu inafunguka. Nikivuta mstari mmoja, inaganda. Ningeweza kuazima, ningeweza kukaa kwenye chumba cha kompyuta cha chuo mpaka wanifukuze. Sikufanya lolote. Muhula wa pili niliomba kuhamia kozi ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwenye fomu palipoulizwa sababu nikaandika "binafsi". Nyumbani sikusema. Funika kombe mwanaharamu apite.

Likizo ilipofika nilimkuta mama jikoni, akimenya viazi. Aliniambia ni wakati wa kulijengea kaburi la baba, na fundi anataka mchoro.

"Utachora wewe," akasema. "Nimeshautangazia usharika mzima."

Basi nikamwambia yote: programu, kuganda, kozi niliyoiacha. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Mama aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Ile nene ingeweza?"

"Ingeweza."

"Ulijua? Palepale dukani?"

"Nilijua, mama. Mwalimu alikuwa ameniandikia."

Akaweka kisu chini. "Sasa mbona hukusema?"

Ningeweza kusingizia heshima. Nilichoka kudanganya. "Siku ile sikujali kitu chochote," nikasema. "Hata ungeninunulia pasi ya mkaa ningeibeba."

Nilitegemea anifokee. Nilitamani anifokee. Yeye akafuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Na mimi unadhani nilijali?" akasema. "Nilishika tu ile mashine ili nami nionekane nanunua. Halafu nikakutazama. Nilikuwa nangoja ubishe, mwanangu. Ungebisha hata kidogo, ningejua sijabaki peke yangu."