Alimshika Mkono Juu ya Tairi

Mume wangu alikuwa dereva wa teksi, na kila asubuhi kabla hajawasha gari alichuchumaa penye gurudumu moja baada ya jingine. Alipitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha akakirudisha kutoka ndani kuja nje. Hakuwa akitazama. Macho aliyapeleka mbali, upande wa barabara, na uso wake ulitulia kama wa mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mimi nilimtazama kutoka mlangoni nimeshika kikombe chake cha chai, na mara nyingi chai ilipoa mkononi.

Tulikuwa tumehamia Kinondoni kutoka Lindi, miaka ile ya Ujamaa, tukapanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili yenye uwanja wa mchanga mbele. Vitu vingi vilipatikana kwa foleni: sukari, sabuni, khanga. Lakini tairi lilikuwa gumu kupatikana kuliko vyote. Lilitaka kibali, na ukishakipata kibali unaambiwa mzigo haujaingia. Kwa hiyo dereva alipaswa kugundua mapema tairi linakoanza kuisha, alihamishe au aligeuze kabla halijawa kipara. Na ubaya wa tairi, kama alivyokuwa akiwaambia madereva wenzake barazani kwetu, ni kwamba linaweza kuliwa kwa siri. Ukisimama pembeni unaona kashata zake, ile michoro ya mpira, zimesimama vizuri kabisa. Kumbe upande wa ndani, unaotazama uvungu wa gari, umeshakuwa laini kama sahani.

Hayo niliyajua kwa kuyasikia akiwaambia wengine. Mimi hakuwahi kuniambia.

Nyumba ya pili kutoka kwetu akahamia mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa rika langu, mwenyeji wa Iringa. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia gari dogo lenye mgongo wa mviringo, na yeye, badala ya kuliuza kama watu walivyotarajia, akaenda kujifunza kuendesha. Mwanamke kushika usukani mtaani kwetu lilikuwa jambo la kuwatoa watu ndani. Nilimpenda. Alikuja kwangu kusuka nywele, tukaongea mpaka jua likageuka. Aliniita dada, mie nikamwita mwalimu. Na kwa kuwa mimi ni dada, mume wangu akawa shemeji.

Jumapili moja baada ya chakula mwalimu alikuja kupiga hodi. Zamani zile magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana, ili kubana mafuta, na hata madereva wa teksi kama mume wangu walipumzika kwa kukosa abiria wa maana.

"Shemeji, nisamehe kukuvunjia mapumziko," alisema. "Gari langu linavuta kushoto. Nikilegeza mkono kidogo tu, linataka kuingia mtaroni."

"Hakuna shida, mwalimu. Tukalitazame."

Wakatangulia. Mimi nikabaki kumimina chai, nikawafuata na sinia. Nilipofika, mume wangu alikuwa ameshachuchumaa penye gurudumu la mbele. Alipapasa mara mbili, akatikisa kichwa.

"Magurudumu ya mbele yamekaa upogo. Tairi linaburutwa badala ya kubingirika. Fundi atanyoosha."

"Umejuaje bila kutazama?" aliuliza mwalimu.

"Nimelishika."

"Basi nionyeshe, shemeji. Nitakuwa nakusumbua mpaka lini?"

Mwalimu akavua saa yake ya mkononi na, kwa kuwa nilikuwa nimeshaweka sinia chini, akanipa mimi niishike. Kisha akachuchumaa pale, gauni amelibana magotini. Mume wangu alimshika kiganja, akakilaza juu ya tairi, na cha kwake akakiweka juu.

"Fumba macho. Ukifumbua unadanganyika. Nenda ndani... unasikia nini?"

"Laini."

"Rudi."

"Loo! Inakwaruza. Kama msumeno."

"Hayo ndiyo meno. Tairi likiota meno namna hiyo, ujue limekaa upande."

Mikono ikaenda na kurudi, wamefumba macho wote wawili. Mimi nilikuwa nimesimama na saa ya watu mkononi, naisikia inavyogonga. Nilijiambia kwamba hapana kitu pale, ni uwanjani, ni mchana kweupe, watu wanapita. Na kweli hapakuwa na kitu. Lakini damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi niliyefua mashati yake yenye grisi mpaka vidole vikachunika, mimi niliyemzalia, hakuwahi kunishika kiganja na kuniambia fumba macho.

Tangu siku ile wakawa na lugha yao. Mwalimu akipita asubuhi kwenda shule, kwa miguu kwa sababu petroli aliiwekea akiba, alipaza sauti kutoka njiani: "Shemeji, la mbele kulia limeanza meno tena!" Naye alijibu kutoka uvunguni, "Upepo umepungua huo, ongeza!" Kisha wakacheka. Mimi nilikuwa nafagia. Nilikuwa namjua mume wangu kwa kila kitu, anavyokohoa, chakula anachokisukuma kando ya sahani, lakini kile kicheko kilikuwa kipya. Nilihesabu kuwa nimeibiwa.

Mchana mmoja nikashindwa kuvumilia. Alikuwa anakula.

"Mbona mie hujawahi kunionyesha?"

"Kukuonyesha nini?"

"Mambo ya tairi."

Akacheka huku anatafuna. "Una gari wewe, mama watoto?"

Niliondoa sahani kabla hajamaliza.

Alikuwa na kawaida ya kulala kidogo baada ya chakula, gari ameliegesha chini ya mti wa mkungu. Watoto walikuwa chuoni wakisoma Kurani. Nikaanza kwenda. Mara ya kwanza nilijifanya nafuta vumbi, kitambaa mkononi, nikachuchumaa na kulaza kiganja pale ninapouona wake kila siku. Sikusikia kitu. Mpira ni mpira. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Nikafumba macho. Siku moja vidole vikaanza kunieleza: hapa pamesimama, hapa pamelala, hapa ukingo umechongoka kwa upande mmoja tu. Nilipopitisha mkono mpaka upande wa ndani kabisa, bega likigusa bodi ya gari, nikasikia penye upungufu ambapo jicho lisingefika. Nilifurahi peke yangu kama mwizi. Nikatoka pale nikaenda mpaka kwenye gari la mwalimu, yeye akiwa shuleni, nikalipapasa na lake. Nilitaka kujua wanachokijua wao.

Halafu ikaja safari. Mama yake mwalimu alikuwa Morogoro kwa ndugu zake, amepatwa na maradhi ya macho, na mwalimu alitaka kumleta Dar es Salaam atibiwe. Hakuwa amewahi kuendesha masafa marefu. Akamwomba mume wangu amsindikize.

"Jumamosi tunaondoka alfajiri, tunarudi jioni," mume wangu aliniambia. Alisema 'tunaondoka' kwa wepesi kabisa.

"Nani na nani?"

"Mie na mwalimu."

"Na mie nakwenda."

"Watoto je?"

"Nitawapeleka kwa baba yako mdogo Temeke."

Akaona hapana nafasi ya kubishana.

Jumamosi ile tulikusanyika mbele ya gari la mwalimu kabla jua halijapanda. Mume wangu alizunguka magurudumu, lakini hakuzunguka kama alivyozunguka teksi yake. Alikuwa anaongea. Alimweleza mwalimu jinsi ya kupishana na malori barabara ya Chalinze, akimwonyesha kwa mkono mmoja huku wa pili ukigusa tairi juujuu, kama mtu anayempapasa paka. Mwalimu alikuwa anamsikiliza kwa macho yote. Wakafika gurudumu la mwisho wakicheka.

"Mazima yote. Twendeni," alisema mume wangu.

Wakaenda mbele kufunga mizigo, maana gari lile buti lake lilikuwa mbele. Nikabaki nyuma peke yangu. Kwa hasira tu, nikachuchumaa penye tairi la nyuma la kulia, nikafumba macho, nikaingiza mkono mpaka ndani. Nje kashata zilikuwepo. Katikati zilikuwepo. Kisha ghafla hazikuwepo, na mbele kidogo ncha za vidole zikakuta kitu chenye manyoya, kama ukingo wa mkeka uliofumuka. Nikapapasa tena. Zilikuwa nyuzi za tairi.

"Hili limeliwa ndani," nilisema.

Mume wangu akageuka. "Lipi?"

"La nyuma kulia. Nyuzi ziko nje."

"Nimeshalishika hilo."

"Umeligusa. Hukulishika. Gari lako wewe unaingiza mkono mpaka bega linagusa bodi. Hili umeishia nusu."

Alikuja akachuchumaa kando yangu, akaingiza mkono, na nikauona uso wake ukibadilika. Mwalimu alitandika khanga mchangani, akalala chali, akaingiza kichwa uvunguni. Alikaa kule kwa muda. Alipotoka alikuwa na mchanga kwenye nywele nilizomsuka mwenyewe.

"Tungefika Morogoro kweli na hii?" aliuliza.

"Labda Kibaha," alisema mume wangu, polepole. Kisha akaniuliza, "Wewe umejifunza wapi?"

"Kwenye gari lako. Ukiwa umelala."

Safari ikaahirishwa. Tairi la akiba likafungwa, na fundi akalitazama gari lote. Jioni ile mume wangu alikaa barazani bila kuwasha redio. Nilimpelekea uji, nikakaa mkekani karibu naye, nikamuuliza.

"Unampenda?"

"Nani? Mwalimu?" Alishtuka kweli. "Hapana. Wallahi hapana."

"Sasa ilikuwa nini?"

Alikoroga uji ule usiohitaji kukorogwa. "Alikuwa ananiuliza," alisema. "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza kazi yangu ikoje. Abiria ananiambia kata kona hapa, simama pale, basi. Yule aliniuliza. Nikapenda kuulizwa."

"Ningejuaje kama hilo ni jambo la kuulizwa? Ulikuwa unawaambia wanaume wenzako, mie unaniacha mlangoni na kikombe."

Alikubali kwa kichwa. Sikuridhika. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mwingine, na mwanamke mwingine ningejua la kumfanya. Kumbe nilikuwa nimemwonea wivu mtu kwa sababu ya swali, na sikujua nianzie wapi kugombana na swali.

Wiki iliyofuata mwalimu alikuja kwetu, akamsalimia mume wangu vizuri, kisha akaniambia mimi:

"Dada, safari ni Jumamosi. Nataka twende sisi wawili. Shemeji apumzike, akae na watoto."

Mume wangu alicheka, akidhani ni utani. Hakukuwa na utani. Nilikaa kiti cha mbele, madirisha wazi, na tuliposimama Chalinze kununua machungwa mimi na yeye tulizunguka gari tukipapasa tairi, kila mmoja upande wake, tukakutana nyuma. Njiani aliniambia kwamba marehemu mumewe hakumruhusu hata kulifungua mlango lile gari. Siku ya kwanza kulikalia usukani alilia, akawaambia majirani ni vumbi. Nilimsikiliza, nikamhurumia, na bado nilikuwa naitazama mikono yake kwenye usukani, inavyojua pa kwenda, na wivu ukanichoma upya. Safari hii haukuwa wa mume. Nilitamani ile mikono iwe yangu.

Tuliporudi na mama yake, mume wangu alikuwa amesimama njiani na watoto. Alikuwa amenuna.

"Mmechelewa," alisema. "Mlikuwa mnaongea nini muda wote huo?"

"Mambo ya tairi," nilimjibu.

Mwaka ulipogeuka mwalimu alihamishiwa shule ya kwao Iringa. Aliamua kwenda kwa gari lake. Asubuhi ya kuondoka nilimkagulia magurudumu yote mimi mwenyewe, na mume wangu akasimama kando ameshika jeki ambayo hakuna aliyeihitaji. Gari lilipokata kona sikulitazama. Nilimtazama mume wangu. Alipunga mkono kidogo, akaushusha, akaniuliza kama chai ipo.

Miezi kadhaa baadaye dereva wa basi la Iringa alituletea kikapu cha viazi. Alisema kimetoka kwa mwalimu, ni cha dada, na kwamba dada anasalimiwa sana.

"Na mie?" aliuliza mume wangu.

"Mie nimeambiwa dada tu, mzee," alisema yule dereva, akaenda zake.

Niliviosha viazi vichache taratibu, nikavipika kwa nazi. Nilijiona mkubwa kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha tukakaa kula, na mume wangu akauma kiazi cha kwanza, akafumba macho.

"Viazi vya huko vitamu," alisema.

Nikakisogeza kikapu chenye vilivyobaki upande wangu.