Hatuna Kitu Nyumbani

Shemeji yangu Mfedali hakuwa mwongo. Nasema hili mapema, maana mdomo wangu hauna mlango, na nikianza kumlaumu sijui pa kuishia. Kwa watu wake alikuwa mkweli kuliko mimi. Ila mtu wa serikali aliyepanda kutoka bondeni na kalamu mkononi alijibiwa neno moja tu: hatuna.

Huku juu milimani Ketama ndivyo tulivyolelewa sote. Baba zetu walilima bangi, babu zetu walilima bangi, na mtoto alifundishwa kusema "hatuna" kabla hajaijua bismillahi vizuri. Baba yuko wapi? Hatuna baba. Gunia hilo lina nini? Hatuna gunia, na huku umelikalia! Mfedali alitafutwa na serikali tangu ujana wake. Miaka mingi alilala msituni wakati wa theluji, na dada yangu Menana akimpelekea supu ya maharage, chungu kimefungwa blanketi. Askari wakigonga, Menana anafungua mlango, uso mkavu, hana analolijua.

Kisha sheria ikageuka. Msamaha ukatoka, ushirika ukafunguliwa, Mfedali akapewa kibali chenye picha yake. Shamba lilelile, jembe lilelile, sasa mavuno yanakwenda kukamuliwa mafuta ya dawa, yaitwayo CBD.

"Bangi isiyolewesha?" alicheka siku ya kwanza. "Si afadhali nipewe chai isiyo na mnanaa!"

Ikramu, binti wa ushirika anayesimamia ukamuaji, alimvumilia. "Ami, hii haichezi na akili. Kuna wanaopata nafuu ya maumivu, kuna wanaopata usingizi. Lakini ni dawa, na mwilini inaweza kugombana na dawa nyingine. Anayemeza vidonge amwambie daktari wake kwanza."

"Binti yangu, mmea huu umenilea. Wewe ukitaka kula mkate wa mama yako unamwuliza daktari?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Menana alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Madaktari walimwekea kifaa cha chuma moyoni, na kila siku alimeza kidonge cha kufanya damu iwe nyepesi, isigande kwenye kile chuma. Kila mara alishuka mjini kupimwa. Moyo ulitulia. Kilichomtesa ni magoti. Kupanda kisimani alikuwa anatia huruma.

Basi Mfedali akaleta chupa. Matone chini ya ulimi, asubuhi na jioni, na alimtilia kwa mkono wake mwenyewe, huku akimtania, "Fungua mdomo, bibi harusi." Na Menana akapata nafuu kweli, siwezi kuficha. Akalala usiku kucha. Akapanda kisimani bila kusimama njiani. Mfedali akaona matone yanafanya kazi, akaongeza.

Muda si muda fizi zikaanza kutoa damu. Akigonga mkono mlangoni, panavilia rangi ya zabibu. Wakashuka hospitali.

Yaliyosemwa chumbani mle Mfedali amenisimulia mpaka nimeyakariri. Daktari, mwanamke kijana wa mjini, alitazama kipimo akakunja uso.

"Mama, damu yako imekuwa nyepesi kupita kiasi. Kuna dawa nyingine unatumia? Mitishamba? Mafuta yoyote?"

Menana akamgeukia mumewe. Mfedali hakumwona daktari. Aliona kalamu iliyoinuliwa juu ya karatasi, na ulimi ukajibu peke yake.

"Hatuna kitu nyumbani, daktari."

Kibali kilikuwa mfukoni mwake! Mfuko wa kanzu, upande wa moyo! Na dada yangu akanyamaza, kama alivyonyamaza miaka yote ile mbele ya askari. Daktari akampunguzia vidonge, akawaambia warudi upesi kupimwa tena. Walirudi nyumbani, na jioni hiyo Mfedali akatilia matone kama kawaida.

Kabla ya siku ya kurudi, Menana alikuwa anakanda unga. Akaniita, "Rhimo, kichwa kinanipasuka," akaanguka ubavu, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Damu ilikuwa imevujia ubongoni. Tulimfikisha hospitali anapumua, hatukurudi naye anapumua.

Hapo ndipo Mfedali aliposema habari za chupa. Daktari akamweleza polepole: ini ni kama kinu, ndilo linalosaga dawa ziishe mwilini. CBD inakikalia kinu, kile kidonge cha damu kinakosa nafasi, kinabaki kinarundikana.

"Ungeniambia, baba," alisema. "Mimi si polisi. Ningewaambia muache mafuta, au ningebadilisha vidonge. Basi."

Nilimtukana Mfedali siku hiyo, nikamtukana na mazishini. Nikachoka, maana hakuna raha kumpiga mtu aliyekwisha lala chini.

Majira ya kupanda yalipofika, wakaguzi walikuja kuona mashamba ya ushirika, pamoja na askari mmoja mdogo mdogo, mpole, karatasi zake kwapani. Nilikuwa pale nalima. Kijana akatoa kalamu, akasalimia kwa adabu zote.

"Asalaam aleikum, mzee. Nyumbani hawajambo?"

Mfedali akaweka jembe chini.

"Nyumbani kuna mafuta," alisema. "Chupa moja, nyuma ya gunia la unga. Mke wangu anatumia asubuhi na jioni."

"Hayana kosa siku hizi, mzee. Mimi nimekusalimu tu."

"Andika, mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka ndevuni na hakuyafuta. "Andika, nakuomba. Na anameza kidonge cha damu."