Udongo wa Trei ya Nne

Trei ya nne ilikuwa imepungua. Nilikuwa nimezipanga trei sita juu ya meza katika stoo ya mama, kila moja na karatasi yake ya kaki na namba yake, na niliporudi kuzitazama asubuhi ya tatu, tano zilikuwa vile nilivyoziacha. Ya nne ilikuwa na pengo upande mmoja, na kando ya pengo kulikuwa na alama za vidole.

Kwanza niliwalaumu kuku. Mimi hupandwa na hasira haraka, kwa hiyo nilitoka nje nikamkumbusha mama kwamba nilimsihi stoo isifunguliwe, kwamba ule haukuwa udongo wa kuchezea. Mama alikuwa akichagua ndengu kwenye ungo. Bila kuinua macho alisema kwamba kuku hawana vidole.

Kazi yangu ni kemia ya mazingira, katika maabara ya chuo kimoja huko Meru. Wakati huo nilikuwa nikifuatilia majosho ya zamani, yale mashimo marefu ya saruji ambamo ng'ombe waliogeshwa ili kuua kupe. Dawa ya enzi hizo ilikuwa na aseniki, sumu isiyooza wala kuisha nguvu hata ikikaa ardhini miaka mingi. Josho la karibu na kwetu, upande wa Gachoka, liliachwa kabla sijazaliwa, lakini lilipokuwa likitumika maji yake machafu yalimwagwa kwenye korongo, na korongo hilo linashuka mpaka kijitoni. Nilichota tope kuanzia juu hadi chini ili nijue sumu imefika wapi. La trei ya nne lilitoka pale hasa korongo linapokutana na kijito. Nilikuwa nimeamua kulikausha kwa mama kwa sababu Meru ilikuwa manyunyu na ukungu kila siku, na joto la Gachoka halina mchezo, linakausha tope hata kivulini.

Mke wa kaka yangu alikuwa akiishi hapo na mama, kaka mwenyewe yuko Timau kwenye mashamba ya maua. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, na tangu hii ya pili ijulikane, nyumba nzima ilikuwa ikimshika kama yai. Habebi maji, hapandi kilima, haambiwi habari mbaya. Mama aliamini kabisa kwamba ile ya kwanza iliharibiwa na mshtuko.

Nilimkuta nyuma ya jikoni, amekaa kwenye kigoda, anatafuna taratibu, midomo imeingia vumbi la kijivu. Aliponiona alicheka kwa haya.

Nilijua wanawake wajawazito wanakula udongo. Nani asiyejua? Mawe laini ya kula yanauzwa sokoni karibu na nyanya na vitunguu. Lakini wifi alinieleza, kwa furaha ya mtu anayetoa siri tamu, kwamba ya sokoni yana mchanga. Wanawake wa hapa wanapenda udongo wa kijitoni, unaochimbwa pale korongo linapoingia, kwa sababu ni laini na unanukia mvua. Alipochungulia stoo aliutambua mara moja. Alidhani nimeuleta nyumbani kwa ajili yake.

Niliyaona mashimo yale ukingoni siku nilipochota tope, nikaandika kwenye daftari kwamba hapo watu huchimba udongo wa matofali. Mwenyeji wa hapo, mwenye shahada zangu zote, na sikujua wanawake wa kwetu wanachimba nini. Niliogopa hata nikahisi baridi kwenye jua lile.

Sasa nimwambie nini? Majibu sikuwa nayo. Katika kazi yetu mtu hafungui kinywa kabla mashine haijasema, na nilishawahi kuwakaripia wanafunzi kwa kosa hilo. Halafu niliitazama tena ile mimba, nikakumbuka imani ya mama juu ya mshtuko. Neno sumu lilinifika mdomoni, nikalimeza.

"Acha kula hii udongo," nilimwambia. "Iko na minyoo, na minyoo itasumbua mtoto."

Alitikisa kichwa kukubali, akautema uliokuwa mdomoni. Nilijiona mwerevu. Nilikusanya trei zangu nikarudi Meru, na njiani nilijisifu kwamba nimemlinda bila kumtisha.

Maabarani nilikuta taa ya mashine ya kupimia imeungua, na nyingine ilikuwa lazima iagizwe. Tulingoja wiki tatu. Wiki hizo nilipiga simu nyumbani kila siku, nikimwuliza wifi kama anatapika, kama miguu imefura, kama mtoto anacheza tumboni. Alisema yuko sawa, na siku moja akaniuliza kama ni mimi mwenye mimba ama ni yeye. Nilicheka naye, kisha nikakata simu. Nilijaribu kupima uliobaki kwenye trei ili nikadirie alikula kiasi gani, lakini tope lenyewe lilikuwa limepoteza maji, hesabu haikunipa kitu. Nilisoma yanayoandikwa juu ya aseniki na watoto ambao hawajazaliwa, halafu nikaacha kusoma nikarudi kwenye chupa zangu za asidi.

Taa ilipofika nilianza na trei ya nne, bila kujali foleni. Aseniki yake ilipita ya tope lolote nililowahi kupima. Nikarudia, nikarudia tena, nikitafuta nilipokosea. Sijawahi kutamani hivyo niwe mkemia mbaya.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nyumbani. Nilimkuta wifi jikoni, mbele ya jiko, na kwenye kikaango mlikuwa na vipande vya udongo wa kijivu wa kijitoni vilivyoanza kuwa vyeusi pembeni. Nilionyesha kikaango kwa kidole.

"Usijali, dada," akasema. "Siku hizi naichoma kwanza. Si ulisema ni minyoo?"

Wiki tatu nzima. Kila siku niliyompigia simu, alikuwa amekula. Niliketi chini, kwenye sakafu, nikamwambia yote: josho, dawa ya kupe, korongo, na kwamba sumu ile moto wa jiko haiiwezi. Alinisikiliza mikono ikiwa juu ya tumbo. Hakuzirai, hakupiga kelele, mimba haikutoka. Aliuliza tu nilijua lini.

Nilimwambia nilianza kuogopa siku ile ile ya trei.

"Ungeniambia tu ni sumu," alisema. "Ningeacha siku hiyo."

Akaondoa kikaango motoni, akaenda kumwaga ule udongo kwenye shimo la choo. Mchana huo tulienda kliniki pamoja, akapimwa, akaandikiwa barua ya hospitali ya Embu, na tangu pale mpaka alipojifungua hakunipigia simu hata mara moja. Mimi nilizunguka kijiji nyumba kwa nyumba, nikiwaambia wanawake waache ukingo ule, na nililitaja neno sumu mlango kwa mlango.

Mtoto ni msichana, sasa anakimbia na kuongea bila kupumzika. Madaktari wanasema hawaoni tatizo. Lakini najua aseniki haina haraka, na mara nyingine huanza kuonekana kwenye ngozi, viganjani na kwenye nyayo. Kwa hiyo kila nikifika nyumbani namkalisha mapajani, namvua viatu, nachezea vidole vyake kimoja kimoja na kumgeuza viganja kwenye mwanga. Mama husema hajaona shangazi anayependa mtoto hivi. Wifi anajua ninachotafuta. Husimama mlangoni kimya mpaka nimalize, na nisipopata kitu, ndipo ananikaribisha chai.