Mafusho kwa Nyoka wa Bi Marion

Mume wangu Muhiddin hajui kusema hapana. Si kwa bosi, si kwa jirani, si kwa mtu aliyekutana naye kituo cha basi akamwomba amshikie mzigo. Kazaliwa hivyo Unguja, na London miaka yote hii haijamrekebisha. Anayesema hapana nyumba hii ni mie, kwa niaba yetu sote wawili, ndiyo maana watu wa mtaani kwetu Lewisham humsifu yeye kwa wema na mie wananiita mama mkali. Haya, na iwe.

Kazi yake ni pota wa hospitali: kutwa anasukuma vitanda na viti vya wagonjwa kutoka wodi hii hadi wodi ile, na kila anayemsukuma humwagia shida zake. Hayo nimeyazoea. Lakini mwanzo wa baridi aliniletea kubwa kuliko yote. Jirani yetu wa chini, Bi Marion, mzungu mtu mzima anayeishi peke yake, alianguka jikoni akavunjika nyonga. Kabla hawajampakia kwenye gari la wagonjwa, alimshika Muhiddin mkono akamwomba amtunzie mtoto wake. Muhiddin akaitikia naam hata hajauliza mtoto gani.

Mtoto mwenyewe ni chatu.

"Ni chatu mdogo, Mama Harith," ananambia, huku analiburura lile sanduku la kioo kutoka kwenye lifti. "Hana sumu. Anaitwa Pamela."

"Hata akiitwa Mwanakheri, humu haingii!"

Akaingia. Akawekwa sebuleni, pale palipokuwa na kabati langu la vikombe, kwa sababu ati ndipo penye soketi za umeme za kutosha. Kabati langu likahamishiwa chumbani, na mashoga zangu wakakoma kuja. Nani atakunywa chai huku anatazamwa na chatu?

Jamani, mie nilidhani nyoka unamtupia chakula, basi. Kumbe afadhali hata kulea mtoto njiti. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto kali, upande wa pili joto la wastani, apate kujichagulia mwenyewe kama malkia. Hewa iwe na unyevu, ila sanduku lisilowe. Hewa ikikauka, ngozi haimvuki vizuri. Badala ya kutoka nzima kama soksi, inabanduka vipande vipande na kumganda machoni. Na baridi ya nchi hii, hita zikishawashwa, hewa ya ndani inakauka mpaka midomo yetu sisi watu inapasuka, seuze nyoka. Basi Muhiddin akirudi kazini, hata koti hajavua, anakwenda kusoma kipima joto na kipima unyevu. Anafunika nusu ya wavu wa juu ili unyevu usitoroke. Anampulizia maji kwa chupa yangu ya kupigia pasi. Anamtilia taulo bichi ndani ya kopo ili ajifiche humo, taulo langu la uso! Hali yangu mie anakuja kuiuliza tukishakaa kula, akikumbuka. Na kwenye friza, kando ya sambusa ninazowapikia watu wa shughuli, kuna mfuko wa panya waliogandishwa. Siku niliyoufungua mfuko ule nilipiga ukelele, jirani akagonga ukuta.

"Ni amana, Mama Harith." Jibu lake ni hilo hilo kwa kila neno. "Bi Marion hana mtu mwingine duniani. Lazima amkute mzima."

Kila siku akiwa kazini alipitia kitandani kwa Bi Marion kumpa habari za Pamela: leo kala, leo kanywa, leo kalala upande wa joto. Mie nikanuna, lakini nikavumilia. Nilijua nyoka yule akifa, Bi Marion atakufa kihoro, na mume wangu hatajisamehe mpaka anaingia kaburini.

Mwezi wa kwanza ukaja na balaa jengine. Boila linalopasha joto jengo zima likaharibika, na wenye jengo kila tukiwapigia simu wanasema fundi yuko njiani. Ndani ya flati ukisema neno unauona mvuke wa pumzi yako. Mkeka wa umeme ulio chini ya sanduku ukashindwa kufanya kazi peke yake. Muhiddin akalivika sanduku mablangeti, pamoja na lile langu la harusi, na bado kipima joto kikashuka. Pamela akasusa chakula. Ngozi ikamvuka nusu, nusu ikabaki. Kisha akaanza kupiga filimbi puani.

"Ana mafua," akasema Muhiddin, uso umemsawijika.

"Mpeleke kwa daktari wa wanyama."

"Nitajaribu kwanza dawa ya nyumbani."

Ningejua dawa gani, nisingetoka kwenda sokoni.

Niliporudi, harufu ya karafuu ilinipokea tangu kwenye lifti. Nikafungua mlango. Sebule nzima moshi. Sanduku limefunikwa blangeti kama hema, ndani yake kuna sufuria yangu ya biriani inayotoka mvuke, imetiwa karafuu na mchaichai na mafuta ya mkaratusi, na pembeni chetezo kinafuka ubani. Mume wangu kapiga magoti, kichwa na yeye kakitia ndani ya blangeti, anasoma dua! Anamfukiza nyoka, kama bibi yake alivyokuwa akimfukiza yeye alipokuwa na kifua, mtoto mdogo huko Unguja.

"Joto na unyevu, vyote kwa pamoja!" akanambia, macho mekundu, meno yote nje kwa furaha.

"Yarabi! Muhiddin, umerogwa?"

Nikalivuta blangeti. Pamela alikuwa kainua kichwa juu kabisa, kinywa wazi, anatafuta hewa, povu limemtoka pembeni ya midomo. Furaha ikamtoka Muhiddin usoni. Sijawahi kumwona vile, hata siku aliyofiwa na mama yake.

Daktari wa wanyama, msichana mpole, aliuliza mara mbili kama kweli tulitumia mafuta ya mkaratusi. Akatueleza kwamba mapafu ya nyoka si kama yetu. Moshi na mafuta yale yanamuunguza. Akampiga sindano. Akasema aongezewe joto, unyevu uwe wa maji safi matupu, na kupona hawezi kutuahidi.

Tukarudi nyumbani na hita ya kuazima. Muhiddin akaketi mbele ya sanduku asitoke. Kazini hakwenda.

"Kamwambie mwenye mali," nikamwambia.

"Siwezi."

"Mafusho uliweza!"

"Siwezi kumtazama usoni, Mama Harith."

Basi nikatia buibui langu nikaenda mie, nimefura kwa hasira, maneno nimeyapanga tangu kwenye basi. Bi Marion walikuwa wamemhamishia chumba cha peke yake, na alikuwa amekonda, kabaki macho. Nikamweleza yote: sufuria, karafuu, ubani, dua.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Usimgombeze," akasema. "Kanifanyia kubwa kuliko hilo. Tangu madaktari waliponiambia wameona saratani na sitarudi nyumbani, kilichoninyima usingizi ni Pamela. Hawa wanaishi hata miaka thelathini. Muhiddin akaniambia nisihofu, mke wake amekubali akae kwenu daima. Anasema wewe unampenda kuliko anavyompenda yeye." Akanishika mkono. "Asante, Mama Harith."

Mie sikuwahi hata kuulizwa.

"Usijali, Bi Marion," nikasema. "Ni wetu."

Kwenye basi la kurudi ndipo damu ilipoanza kunichemka. Miaka thelathini! Sebuleni kwangu! Na uongo ule kautunga kwa jina langu!

Nilimkuta pale pale, amevaa koti, anasoma kipima joto.

"Filimbi imepungua," akasema upesi. "Anapumua vizuri kidogo. Umemwambia?"

"Nimemwambia. Na yeye kanambia."

Akainamisha macho.

"Kumbe unajua kuwa harudi, Muhiddin. Umejua muda wote. Mie mkeo nakwenda kuyasikia kwa mgonjwa! Kwa nini hukunambia?"

Alikifuta kioo kwa mkono wa koti.

"Ungesema hapana," akasema. "Na mie nilikuwa nishamwambia ndiyo."

Kweli ningesema hapana, na yule mwanamke angekufa roho juu.