Pampu Iliyozuiwa na Shahidi

Fundi aliisoma ile barua mara tatu, kisha akaitupa juu ya boksi la spana na kutamka neno ambalo mama yake angelisikia, angemchapa na utu uzima wake wote.

Mwanamke huyu alikuwa na miaka kumi na saba ya kutengeneza mashine za hospitali. Karakana yake ilikuwa mwisho wa korido, jirani na chumba cha kufulia mashuka, na kazi zake zilianzia mitungi ya oksijeni hadi mizani ya watoto. Lakini zilizomnyima raha ni mashine mbili za kusafisha damu. Moja ilishakufa, naye alishaichomoa kila kiungo cha kuchomoa. Ya pili ilihudumia wagonjwa tisa wa figo kwa zamu, na pampu yake ilikuwa imechoka hata ikizunguka inakoroma. Ikigoma, hao tisa wamekwisha. Mmoja wao alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Kaka mtu, mpiga chapa, mtaa mzima ulimwita Kauli Moja. Akishasema, amesema. Miaka minne nyuma alikamatwa kwa kuchapa vipeperushi, akapigwa gerezani wiki sita mpaka figo zikaharibika. Alipotoka, wakamshauri anyamaze auguze mwili wake. Wapi! Aliwaeleza wachunguzi wa nje kila kitu, na jina lake kamili likaandikwa kwenye ripoti. Kwa ripoti hiyo nchi za nje zikamwekea mkuu wa gereza vikwazo: asikanyage kwao, asiweke mali kwao, asiuziwe kitu na mtu wao. Siku hiyo Fundi alicheza katikati ya karakana peke yake, machozi yanamtoka.

Sasa kumbe kampuni aliyoiagizia pampu mpya iko huko huko. Sheria yao inasema wazi kwamba vifaa vya hospitali haviguswi na vikwazo, lakini kampuni ina woga wake. Ilitaka majina ya wagonjwa wote watakaotumia pampu, yapitishwe kwenye kompyuta, isije ikawa kuna mkubwa amejificha humo. Fundi, mtu wa kufuata utaratibu, akaandika majina tisa kwa herufi kubwa. Akapigwa danadana wiki tano. Ndipo barua ikaja: mgonjwa mmoja ameonekana kwenye faili la vikwazo, oda imesimamishwa.

"Ameonekana kama shahidi!" Fundi alimfokea wakala wa kampuni kwenye simu. "Ni aliyepigwa, jamani, siyo aliyepiga!"

"Nakuelewa, mama," wakala alisema kwa sauti laini iliyozidi kumpandisha hasira. "Kompyuta inaona jina tu. Uchunguzi ni miezi minne."

"Miezi minne atakuwa kaburini!"

"Pole sana. Au basi aombe jina lake liondolewe kwenye ripoti. Hapo ni siku mbili tu."

Fundi akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mashine, akamkuta kaka yake amelala, bomba mkononi. Akamweleza yote.

"Nikijitoa mimi, ushahidi unabaki nini?" Kauli Moja akauliza. "Wenzangu waliogopa kutaja majina yao. Yule bwana atafutiwa vikwazo kesho."

"Yule bwana ana gari jipya, kaka! Limenipita jana hapo nje. Vikwazo vimemkosa yeye, vimekupata wewe. Huoni?"

"Naona. Lakini askari wake siku hizi wanaogopa kupiga. Wanaotoka gerezani wananiambia."

"Haya, kufa na ripoti yako!"

Akatoka akabamiza mlango. Akarudi hapo hapo, maana pampu ilikuwa imebadilisha sauti.

"Nitoe kwenye fomu, mdogo wangu," kaka akasema akimwangalia anavyokaza skrubu. "Waandike wale wanane."

"Pale chini kuna kiapo. Naahidi kwamba asiye kwenye orodha hataigusa hiyo pampu."

"Saini. Mimi nitasubiri hiyo miezi minne."

"Utasubiri na figo za nani?"

Fundi akasaini, na baada ya siku kumi na mbili pampu ikafika. Akaifunga, akaijaribu, ikazunguka kimya. Jumanne asubuhi, zamu ya kaka yake, kitanda kikabaki kitupu.

Fundi hakuvua hata ovaroli. Alimkuta nyumbani kwake, amekaa mbele ya meza ya kuchapia, uso umevimba, anahema.

"Umekula kiapo," Kauli Moja akasema. "Sitaki kukufanya mwongo."

"Nani kakwambia umenifanya? Nimedanganya mwenyewe, akili zangu timamu, kwa kalamu ya bluu. Wewe ukweli wako umeusema, sikukuzuia, na sitakuomba uufute. Huu uongo ni wangu. Usiniingilie! Vaa viatu twende."

Kaka akatazama miguu yake iliyojaa maji. "Haviingii."

"Basi twende pekupeku."

Kaka akanyoosha mkono ainuliwe. Wakatoka hivyo, yeye pekupeku akiegemea bega lake, na njia nzima Fundi alikuwa anagomba.